Kitako cha Kuku

Mpimaji alikuja Jumamosi asubuhi, saa ambayo dirisha la Bakoly huwa na watu wengi kuliko kanisa. Hakubisha hodi. Alipenya katikati ya wateja na kamba yake ya kupimia, akabana ncha moja ukutani na kumwomba mzee mmoja aliyekuwa akisubiri vitumbua amshikie. Mzee akashika, maana mtu akishakupa ncha ya kamba utafanyaje, lakini macho aliyatupa barabarani yasikutane na ya Bakoly.

"Unapima nini, mwanangu?" Bakoly akauliza, kijiti cha kugeuzia vitumbua kikiwa mkononi.

"Nyumba, mama. Nimetumwa na mnunuzi."

Mama mmoja aliyekuwa ameagiza vitumbua vinne akasema viwili vitamtosha, kama vile nyumba ingeuzwa kabla hajamaliza kutafuna. Bakoly akaendelea kugeuza vitumbua vyake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hiyo akaunguza vitumbua vya chuma kizima.

Kila anayesafiri kwenye barabara ile, kusini mwa Antsirabe, anaijua nyumba hiyo. Ni ghorofa moja ya matofali mekundu aliyoijenga marehemu mzee Rabenja. Mwanawe Ndriana, mwaka aliopandishwa cheo ofisini kwake huko Antananarivo, aliipaka juu rangi ya manjano, akaahidi kwamba chini ingefuata. Chini haikufuata hadi leo, na watu wakaibatiza nyumba iliyovaa shati bila suruali. Mzee alipofariki aliwaachia wanawe watatu, yaani Bakoly, Ndriana na kitinda mimba Sahondra. Aliwaachia nzima nzima, bila kusema hiki cha nani na kile cha nani. Kuiuza kulihitaji sahihi tatu. Ndriana alikuwa tayari kutia yake, Sahondra alikuwa akiahidi na kughairi, na Bakoly, anayelala humo, anayepika humo na kula kwa dirisha la humo, alikuwa amekataa.

Wiki iliyopita Ndriana alipiga simu na kusema kwa sauti ya kiofisi kwamba dada yake akiendelea kugoma atakwenda mahakamani, na mahakama itaipiga mnada kila mtu apewe chake. Bakoly alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Kula kwanza, Ndriana. Unaongea kama mtu mwenye njaa." Simu ikakatwa.

Mpimaji alipomaliza nje aliingia sebuleni, akavua koti na kulitundika kwenye msumari wa pembe ya kaskazini mashariki. Pembe hiyo ndiyo ya wazee. Ndiko tunakowaombea waliotangulia, na ndiko mkubwa wa nyumba anakokaa. Mzee Rabenja alikaa hapo maisha yake yote, na hata paka alikuwa anajua kutopita. Bakoly akalitungua lile koti kwa mikono miwili, akalitoa nje, na alipoona kijana wa watu anatetemeka kwa baridi akamfungia vitumbua viwili kwenye karatasi. Hakumtoza. Mtu aliyetumwa hana kosa, na baridi ya kwetu huku nyanda za juu haina huruma na mtu wa mfuko mwepesi.

*

Hapa yafaa niseme jambo la kuku, maana bila hilo hadithi hii haisimami.

Kwetu kuku akichinjwa, kitako chake hakiliwi na yeyote tu. Ni cha mkubwa. Mwana humpa baba yake, na baba akiondoka, wadogo humpa aliyewatangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Anayekila ndiye anayeamua mambo ya nyumba, na ndiye anayebeba. Mdogo akikosa chumvi ni yeye, akiugua ni yeye, akifukuzwa ni kwake anakokimbilia. Kipande kile kidogo kina mzigo mkubwa nyuma yake, na wengi wanaokitamani wanatazama mafuta tu.

Siku walipotoka kumzika mzee, aliyepakua alikuwa Fanja, mkewe Ndriana. Akakiweka kitako kwenye sahani ya mumewe. Bakoly aliona. Ndriana naye aliona, akasita kidogo, akamtazama dada yake, kisha kwa kuwa wajomba walikuwa wanamwangalia na tai yake ilikuwa shingoni, akala. Tangu hapo kila akija nyumbani hukaa pembe ya kaskazini mashariki. Bakoly, ambaye ndiye kifungua mimba, hakuwahi kusema kitu. Aliendelea kuwapelekea gunia la mchele kila mavuno, na kila gunia alilifunga kwa fundo gumu kuliko ilivyohitajika.

*

Jumapili walifika wote. Sahondra ndiye aliyetangulia kutoka Antsirabe, ambako ana cherehani yake sokoni na mdomo unaokwenda mbio kuishinda. Sahondra hana ubaya. Kasoro yake ni kwamba siku zote yuko upande wa aliyesema mwisho. Asubuhi hiyo alikuwa upande wa Bakoly kwa sababu alikuwa amekula vitumbua vyake.

Ndriana na Fanja walishuka kwenye basi karibu na adhuhuri. Ndriana alikuwa na koti, tai na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaudhi. Fanja alimpa wifi yake mfuko wa kuku kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, na alipoutoa akainamisha uso. Walikuwa wamewaacha watoto kwa jirani. Wakaulizana hali, wakaulizana barabara, wakaulizana mvua. Ndriana akaenda kukaa pembe yake.

Jikoni Sahondra akaufungua mfuko. Juu kulikuwa na mapaja mawili manene. Akayatoa, akachungulia, akatia mkono hadi chini. Kisha akatoka mbio na mfuko hadi sebuleni, Bakoly akimfuata kumzuia.

"Kaka, huyu kuku wenu kitako kiko wapi?"

"Kuku gani?"

"Huyu. Ana mapaja, ana shingo sijui ngapi, ana miguu ya kutosha kutembea mpaka Antananarivo. Kitako hana."

"Tumenunua vipande," Ndriana akasema. "Mjini kuku anauzwa vipande. Hatukuja kuzungumza kuku, tumekuja kuzungumza nyumba."

"Ndiyo hayo hayo! Umeleta kuku asiye na kitako ili pasiwe na mkubwa. Tukishakuwa hatuna mkubwa, kila mtu achukue tofali lake aende zake."

Fanja alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akarudi jikoni. Bakoly alimwona, lakini wakati huo alikuwa ameumia kuliko alivyotaka kuonyesha. Kunyimwa kitako aliweza kuvumilia, maana kilikuwepo na kilikwenda kwa ndugu yake. Kuletewa kuku asiyenacho kabisa kulikuwa kama kuambiwa kwamba yeye na marehemu baba wote wamefutwa. Akamwuliza Ndriana kwa sauti ya chini kama ndivyo alivyokusudia.

Ndriana alitazama viatu vyake, kisha akasema jambo ambalo pengine alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya basi.

"Dada, nyumba hii ni ya watatu. Mmoja analala ndani yake na wawili wanaitazama kwenye picha. Dirisha ni letu sote, lakini fedha za vitumbua ni zako. Niambie mwenyewe, hiyo ni haki?"

"Na moshi je?" Bakoly akasema. "Moshi nao ni wa nani?"

"Sijauliza moshi."

"Hapo kaka ana neno, lakini," Sahondra akasema, na mfuko wa kuku ukiwa bado mkononi mwake akaketi. Alikuwa amekwisha kuhama.

Kilichomuuma Bakoly ni kwamba lilikuwa neno la kweli. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akihesabu magunia aliyowapelekea, hakuwahi kuhesabu usiku aliolala mahali pakavu. Angejibu kwa hasira kama angekuwa ameonewa. Kwa kuwa hakuonewa sana, alinyanyua mfuko kutoka kwa Sahondra akasema anakwenda kutazama moto.

*

Fanja alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akilia, na alipomwona wifi yake akasingizia kuni mbichi. Kuni za Bakoly huanikwa mwezi mzima kabla ya kuguswa na kiberiti. Bakoly akachukua kigoda, akakaa karibu naye, akaanza kuzitoa zile shingo moja moja na kuziosha. Alizitazama tu, akatazama na yale mapaja mawili yaliyotengwa pembeni, na taratibu akaelewa kwamba mfuko huu haukupangwa na mtu anayetaka kumtukana mwenzake. Ulipangwa na mtu anayeficha.

"Mapaja uliyaweka juu wewe?" akauliza.

Fanja akaitikia kwa kichwa. Kisha yakamtoka yote. Ndriana hakuwa na kazi tangu kabla ya Pasaka. Ofisi ilipunguza watu, na yeye akawa wa kwanza. Kila asubuhi alivaa tai, akaaga watoto, akaenda kukaa kwenye bustani ya mjini mpaka jioni, akisoma magazeti yaliyoachwa na watu wengine. Jokofu lilikwisha uzwa, kitanda kilikwisha uzwa, na mwenye nyumba alikuwa amewapa mpaka mwisho wa mwezi watoke. Nauli ya basi walikopa. Shingo na miguu ndipo fedha zilipofikia, na mapaja mawili muuza kuku aliwaongezea kwa kuwaonea huruma.

"Leo mmekula nini kabla ya kupanda basi?"

"Jana watoto walikula wali, wifi. Sisi tulikunywa maji ya ukoko uliobaki sufuriani."

Bakoly akaacha kuosha. Kwa muda alimchukia ndugu yake kwa moyo wote, si kwa kutaka kuuza nyumba bali kwa kumficha. Alimbeba mgongoni mtoto huyu, alimfuta kamasi, alimtwangia mchele wa ada ya shule, na leo anakaa bustanini na tai kama sanamu badala ya kumwambia dada yake kwamba ana njaa. Halafu hasira ikamwishia, ikabaki huruma, na huruma ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Asijue kama nimekwambia," Fanja akasema. "Atakufa kwa aibu. Na wifi, ile siku ya msiba. Ile sahani. Sikukosea kwa kutojua. Nilitaka mume wangu aonekane."

"Alionekana," Bakoly akasema. "Pangusa uso. Chemsha maji mengi."

Akatoka uani. Kuku wake walikuwa wakichakura chini ya ukuta, na mwekundu aliyekuwa mtagaji wao mkuu akaja mwenyewe akidhani analetewa makapi. Bakoly akamshika. Sahondra aliyekuwa anachungulia dirishani akapaza sauti kwamba huyo anataga.

"Alikuwa anataga," Bakoly akamjibu.

*

Walikula wakiwa wamechelewa, jua limekwisha pita upande wa pili wa barabara. Wali ulikuwa mwingi, shingo na mapaja yalikuwa kwenye mchuzi wa tangawizi, na yule mwekundu alikuwa kwenye bakuli lake peke yake. Ndriana alikuwa pembe ya kaskazini mashariki. Alikuwa akijilazimisha asile haraka.

Bakoly akachukua kisahani kidogo cha marehemu baba, kile chenye ua la buluu, akakiweka kitako cha kuku katikati yake. Akakisukuma mpaka mbele ya Ndriana. Karibu na kisahani akaweka karatasi ya mauzo ambayo Ndriana alikuwa amekuja nayo, na kalamu juu yake.

"Ndriana, mdogo wangu," akasema. "Sitaki mahakama ije kutuhesabia matofali. Tumalize hapa hapa. Ukila hicho, natia sahihi leo, Sahondra ananifuata, na mpimaji arudi kesho na kamba yake."

"Dada..."

"Ngoja. Safari hii ujue unachokula. Ukikila wewe ndiye mkubwa wangu. Mimi nitafunga mabeseni yangu na vyuma vyangu, nitakufuata Antananarivo. Utanipa pa kulala, utanilisha, nikiugua utaniuguza, na huyu Sahondra akiibiwa cherehani atakuja hapo hapo kwako. Sitalalamika hata siku moja. Au unipe mimi. Ukinipa mimi, basi la nyumba hii nalisema mimi, na wewe hubishi."

Sahondra kwa mara ya kwanza hakuwa na upande wa kuchagua. Fanja alikuwa ameinama. Ndriana alikitazama kile kisahani. Alikuwa na njaa, na harufu ilikuwa inampanda puani, na labda kwa nukta moja au mbili alifikiri kula tu, yaishe, fedha zipatikane, mambo mengine yaonekane mbele ya safari. Halafu alimtazama dada yake na kumwona kwa mawazo akifika na mabeseni kichwani kwenye kile chumba wanachofukuzwa, akisimama mlangoni, akitafuta pa kuyatua.

Mafuta yalianza kuganda.

Ndriana akasimama. Akakishika kisahani kwa mikono miwili, akatoka kwenye pembe ya baba, akazunguka nyuma ya mkewe na kuja kupiga goti mbele ya Bakoly, kwenye mkeka, tai ikining'inia.

"Pokea kitako cha kuku, Dada," akasema, kama tunavyosema. Kisha maneno mengine yakafuata bila kuitwa. "Sina kazi. Tangu kabla ya Pasaka. Sina hata nyumba ya kukuleta."

"Nimesikia," Bakoly akasema. Akakipokea kwa mikono miwili vilevile.

Halafu ikabidi akile. Sasa, jambo ambalo hakuna aliyelijua pale ni kwamba Bakoly hakuwahi kupenda kitako cha kuku. Tangu utotoni alikuwa akimtazama baba yake akikitafuna na kujiuliza mtu mzima anawezaje. Ni mafuta matupu, na sasa yalikuwa yamepoa. Lakini miaka yote hiyo alikililia moyoni, na leo kimekuja, hakuwa na pa kukimbilia. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga, na wenzake wakadhani ni uchungu wa mambo, na kwa nusu ilikuwa kweli.

"Si ungenimegea hata kidogo?" Sahondra akasema.

"Ngoja nife kwanza."

Ndriana akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kikageuka kikawa kilio, akaficha uso kwenye mkono wa koti. Hakuna aliyemtazama. Fanja alimpakulia wali mwingine, na mwingine, na safari hii alikula kama mtu anayekula.

Bakoly alipomaliza alikunywa maji ya ukoko kikombe kizima kuteremsha yale mafuta, ndipo akaamua. Nyumba haiuzwi. Ndriana na Fanja walete watoto kabla ya mwisho wa mwezi wakae juu, kwenye rangi ya manjano waliyoipaka wenyewe. Chumba cha chini cha upande wa kusini kitapangishwa, mwalimu mmoja alikuwa anakiulizia siku nyingi, na kodi yake itakuwa ya Sahondra.

"Lile ulilosema la picha lilikuwa kweli," akamwambia Ndriana. "Nilijisahau humu ndani. Dirisha nalo ni la watatu, kwa hiyo kesho mapema utatwanga mchele."

"Mimi?"

"Na moshi ni wa watatu pia. Vaa tai ukitaka."

*

Jumatatu mpimaji alirudi. Mnunuzi alitaka vipimo vya paa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia yaliyotokea. Dirishani palikuwa na watu wengi kuliko kawaida, maana habari za nyumba yenye shati zilikuwa zimezagaa na kila mtu alitaka kununua kitumbua na kuona kwa macho. Nyuma ya moto alikuwa amesimama mwanamume mwenye koti, uso umejaa jasho, akigeuza vitumbua kwa kijiti na kuvichana nusu yake. Vilivyochanika hakuviuza. Alivila mwenyewe, kwa siri kadiri alivyoweza.

Mpimaji akamtazama, akamkumbuka kwa sura, ndiye aliyemwona kwa mnunuzi. Akamsalimia kwa heshima na kumwuliza kama anaweza kupanda juu kupima, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba.

Ndriana akamwonyesha kwa kijiti. Ndani kule, katika pembe ya kaskazini mashariki, Bakoly alikuwa ameketi mkekani akichagua mawe kwenye mchele.

"Mwulize mkubwa wangu yule," akasema, akainama kumimina rojo ya mchele kwenye vyuma. Tai alikuwa ameichomeka ndani ya shati isiguse chakula.